Kulungu wa Dakota na Shamba la Watu

Tangu nirudi, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza swali la maana. Mmoja ameuliza kama niliona theluji. Niliiona. Ni ile barafu ya friji mbovu, ila imemwagwa nje na watu wanaipiga picha. Mwingine ameuliza nimemletea nini. Huyo hajibiwi. Sasa naandika mara moja tu, msomeane kwenye kikundi, kisha mniache niuze dawa ya kupe kwa amani.

Mnachojua ni kwamba nilifunga duka langu la Huruma, hapa Eldoret, wiki tatu, nikaenda Dakota Kaskazini kumwona Ndung'u, mdogo wangu, anayeendesha lori la nafaka huko. Msichojua ni kwamba nilitumwa. Mama ana miaka themanini na minne, na Ndung'u hajarudi nyumbani tangu aondoke miaka kumi na mitatu iliyopita. Kila mwaka ana sababu. Mwaka huu alisema likizo yake yote ataimaliza Novemba, kwa sababu amepata kibali cha kuwinda kulungu. Kibali chenyewe hutolewa kwa bahati nasibu, na alikuwa amekingoja miaka minne.

Mama alisikiliza maneno hayo kwenye spika ya simu, akaniambia nijiandae. Alitaka kujua kitu kimoja: mwanawe anakuja kushughulikia shamba la baba yake, au haji.

"Usiniletee picha," akasema. "Niletee jibu."

Eldoret hadi Nairobi

Safari ya kwenda upande wa pili wa dunia ilianza kwa kukaa. Ndege ilitakiwa kuondoka saa moja asubuhi, ukungu ukakataa. Tulikaa mpaka saa tano tukitazama ukuta mweupe dirishani.

Mbele yangu alikaa bwana mmoja wa Elgon View, mtaa wa matajiri. Najua ni wa Elgon View kwa sababu alitutangazia, pamoja na gari aliloliacha nje na mkutano aliokuwa anachelewa. Aliupigia ukungu simu tatu. Alimpigia mtu wa ndege, akampigia mtu mwingine anayemjua mtu wa ndege, halafu akampigia mkewe kumwambia amewapigia hao wawili. Ukungu haukumjua. Nilinunua sambusa ya baridi, nikajiambia hii ndiyo nyama ya mwisho kuiona kwa siku mbili. Kumbe ndani ni viazi vitupu.

Angani, na meza ya maswali

Angani walituuliza kama tunataka kuku au makaroni. Nilitaka kuku, nikapewa makaroni, kwa sababu kuku waliisha safu ya mbele yangu. Basi kwa nini mtu aulizwe? Mama mmoja wa Kakamega aliyekaa karibu nami, anayekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua, alifungua mkoba akatoa mayai ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye karatasi na chumvi pembeni. Alinipa mawili bila kuniuliza jina. Huyo ndiye mtu wa mwisho mwenye akili niliyekutana naye kwa muda mrefu.

Tulipotua Amerika, afisa akaniuliza nimekuja kufanya nini. Ningesema kutembea, ningepita. Lakini nilikuwa nimechoka, nikamwambia ndugu yangu anawinda, nami nimekuja kumwona. Akauliza anawinda nini. Nikasema kulungu. Akauliza kama nimebeba bunduki. Nikamwambia sina bunduki, nimebeba unga wa wimbi.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Unga wangu uliwekwa mezani, ukafunguliwa, ukapitishwa kwenye mashine. Vijana wawili wenye glavu waliutazama kana kwamba ungeinuka. Nikawaeleza kwamba ni wa uji. Wakauliza uji ni nini. Nilieleza. Wakauliza kwa nini niubebe kutoka Afrika wakati Amerika kuna chakula. Nilikuwa nimekula chakula chao angani, kwa hivyo nilinyamaza kwa heshima. Mwishowe wakaleta mbwa. Mbwa alinusa mara moja akaenda zake, na ofisi nzima ikamwamini yeye.

Kiti cha magurudumu

Minneapolis nilipaswa kubadilisha ndege. Mlangoni nilimkuta mwanamke amesimama na kiti cha magurudumu na karatasi yenye jina langu. Ndung'u alikuwa ameandika kwenye tiketi yangu kwamba siwezi kutembea. Mimi, ninayebeba magunia ya chakula cha ng'ombe kila Jumatatu.

Nilimwambia yule mwanamke kwa Kiingereza kwamba kuna makosa. Akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili safi natoka wapi. Alikuwa Msomali, anaitwa Fadumo, amelelewa Eastleigh. Nikamwambia natoka Eldoret, na miguu yangu ni mizima.

"Mama, kaa," akasema. "Foleni ya wenye miguu ni masaa mawili. Foleni ya kiti ni dakika kumi."

Nikakaa. Nilisukumwa mbele ya watu wote nikiwa nimeweka uso wa ugonjwa, na nawaambia ukweli, ni sehemu pekee ya safari niliyoifurahia. Lakini kule mbele upepo ulikuwa umefunga uwanja mdogo wa Dakota, na tulingoja kutwa nzima. Fadumo alirudi mara mbili, mara ya pili na chai yenye iliki. Alitaka kujua kama Eastleigh bado kuna matope. Nikamwambia yapo. Alifurahi sana. Mtu akikaa mbali vya kutosha, hata matope huyatamani.

Ramani ya rangi nne

Nilidhani nitaona ajabu. Niliona Moiben yetu ya mashamba, bila watu. Ni ngano iliyovunwa, mahindi yaliyovunwa, anga, na upepo unaokupiga makofi mpaka ufunge mdomo. Siku mbili za safari, kuja kutazama mashina ya mahindi.

Ndung'u amenenepa na ana mvi. Alinikumbatia vizuri, akabeba mizigo, akanipikia ugali. Baada ya hapo akaanza kuhusu kulungu, na hakumaliza.

Mezani palikuwa na ramani kubwa kama shuka, na nyingine ileile kwenye simu. Akanifundisha rangi. Kijani ni ardhi ya serikali, mtu yeyote anawinda. Manjano ni ardhi ya mkulima ambaye serikali imemlipa akubali watu waingie kwa miguu. Nyekundu mwenyewe amekataza. Nyeupe mwenyewe hajaandika chochote, na sheria ya huko inasema kama hajaandika, unaweza kuingia.

Nikamwuliza kama nimesikia sawasawa. Yaani mtu akisahau kubandika tangazo, mgeni anaingia shambani kwake na bunduki? Akasema ndiyo. Nikamwambia hiyo si sheria, huo ni usingizi. Kwetu mtu ana hati, ana ua, ana mbwa, na bado analala jicho moja wazi.

Shida yake ilikuwa mraba mmoja wa kijani, mkubwa kuliko Huruma yote. Ndani yake kulikuwa na dume la kulungu mwenye pembe kama matawi, ambaye Ndung'u alikuwa amemtazama kwa darubini tangu Agosti. Ni ardhi ya serikali, ya kila mtu, lakini haina njia. Pande tatu ni nyekundu. Upande wa nne ni malisho ya mjane mmoja anayeitwa Arlene, na bila ruhusa yake hufiki kwenye hiyo ardhi ya kila mtu. Mwaka jana alimwandikia barua. Hakujibiwa.

Siku nne nzima nilishuhudia mtu mzima akijiandaa kumtembelea mnyama. Nguo zilifuliwa kwa sabuni isiyo na harufu. Nilikatazwa kukaanga kitunguu. Nilikatazwa mafuta yangu ya kujipaka. Dukani alinionyesha chupa ndogo ya mkojo wa kulungu jike wa kuvutia madume, inauzwa, ina kifuniko na maagizo. Mimi nauza vitu vya mifugo miaka ishirini, sijawahi kufikiria kukinga mkojo. Nilipomtajia shamba la baba, alisema tutazungumza, akarudi kupima upepo.

Kwa Mama Arlene

Jumatano akaniambia twende wote kuomba ruhusa, kwa sababu mwanaume peke yake, mweusi, mgeni, mlangoni kwa mjane, anaweza kueleweka vibaya. Alisema hivyo bila uchungu, kama anavyosema gari lina pancha. Njiani alirudia hotuba yake mara sita. Alikuwa amechapisha karatasi yenye jina, simu, namba ya gari na ahadi saba.

Alibisha, kisha akarudi nyuma hatua nne akasimama uwanjani na kofia mkononi. Nilimwonea aibu. Mlango ulipofunguliwa nilimsalimia yule mama, nikamwambia mimi ni dada yake huyu na kuna baridi. Akasema hilo ni kweli, akatuingiza.

Arlene ni rika la Mama, mwembamba, amevaa koti la marehemu mumewe. Alitupa kahawa nyepesi ambayo unaona kijiko mpaka chini, na chapati laini nyeupe ya viazi. Nilifurahi, nikaichovya kwenye mchuzi wa nyama uliokuwa mezani. Arlene akaacha kutafuna. Kumbe ile hupakwa siagi na sukari, huliwa kama keki. Alinitazama, akachukua yake, akaichovya mchuzini pia, akasema mumewe angekasirika. Akala mbili.

Ndung'u akatoa karatasi. Arlene hakuisoma. Alimwuliza kama amelelewa shambani. Akasema ndiyo. Akamwuliza kama ana ardhi kwao.

"Hapana," Ndung'u akasema.

Sikuvumilia. Nikamwambia Arlene kwa Kiingereza changu kwamba ardhi iko, ekari kumi na mbili, udongo mzuri kuliko wake, na huyu amekataa kurudi kuiangalia. Ndung'u aliangalia kikombe. Arlene alitutazama wote wawili kwa muda, kama mtu anayepima ng'ombe mnadani, kisha akasema mtu aliyelelewa kwenye ardhi yake anajua kufunga lango. Tupite. Tusipige kuelekea ng'ombe wake. Na tukimaliza tumpitie, asibaki akishangaa nani yuko huko nyuma.

Ruhusa iliyongojwa mwaka mzima ilichukua muda wa chapati mbili.

Kwenye pikapu nilimrukia. Nikamwuliza kwa nini amemdanganya mama wa watu.

"Sijamdanganya," akasema. "Shamba usiloweza kukanyaga si lako."

"Nani amekukataza kulikanyaga? Hapa unasimama kwenye baridi na kofia mkononi kuomba nyasi ya mzungu. La baba yako umekatazwa na nani?"

Akaendesha kidogo. Kisha akauliza, polepole, "Na wewe, Wambui? Umelikanyaga lini?"

Ninyi mnanijua. Mnajua sikosi jibu. Siku hiyo niligeuza uso dirishani.

Shamba la baba liko barabarani, karibu kilomita thelathini kutoka dukani kwangu. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi tuliondoka juu ya lori na magodoro mawili, na nyumba tuliiona ikitoa moshi kabla hatujafika barabara kubwa. Baba alifia kwa watu. Baadaye tukanunua kiwanja Kiplombe, tukaanza upya, na Mama akaniachia kazi ya kuliangalia shamba. Kila nikienda Nairobi napita hapo. Nikikaribia, nageuza uso dirisha la upande wa pili. Nikirudi, Mama huuliza, nami humwambia liko sawa, limelala tu. Nimesema hivyo miaka yote hii. Sijawahi kushuka.

Ijumaa saa sita mchana

Msimu hufunguliwa Ijumaa saa sita kamili mchana, watu wazima wakitazama saa. Nilivishwa kizibao cha rangi ya machungwa kinachoonekana kutoka mwezini. Eti kulungu haoni rangi hiyo. Basi sabuni isiyonuka ya nini, ikiwa mnyama mwenyewe ni nusu kipofu? Sikupata jibu.

Tulipita malisho ya Arlene, Ndung'u akafunga lango akalijaribu mara mbili, tukakaa kwenye nyasi ndefu mwisho wa mraba wa kijani. Mimi nilibeba chupa ya chai. Ndiyo kazi niliyoruhusiwa.

Masaa mawili hatukusema kitu. Kisha akaanza mwenyewe, kwa kunong'ona, akitazama mbele. Alisema usiku kwenye lori husikia ng'ombe wetu. Siku ile ya vurugu, kabla hatujapanda lori la kukimbia, baba alimtuma arudi afungue zizi. Alifika nusu ya njia, akaona watu, akageuka. Alimwambia baba kwamba amelifungua. Baba alikufa akiamini ng'ombe walitoka.

Sikujua. Miaka kumi na mitatu nimemwita mvivu, mzungu, mtoto aliyesahau titi la mama yake. Nimemtukana kwenye simu mbele ya wageni. Nilitaka kusema kitu kizuri, na mimi sina mazoezi ya hayo. Nikammiminia chai.

"Nenda wewe kwanza," akasema. "Ukisimama pale, nipigie. Nitakuja Desemba, nitaomba likizo hata bila mshahara."

Nikamwambia nitaenda.

Kama saa tisa hivi dume likatoka. Nitasema ukweli hata kama unaniuma: ni mnyama mzuri. Kifua kipana, pembe kama alizozieleza, pumzi inatoka puani kama mvuke wa sufuria. Lilisimama wazi kabisa. Ila lilikuwa limevuka waya, hatua kama thelathini, upande mwekundu.

Ndung'u aliinua bunduki, akalitazama kwa muda mrefu. Hapakuwa na mtu mpaka mwisho wa dunia.

"Piga," nikamnong'oneza. "Nani ataona?"

Akashusha bunduki.

"Pale si kwetu," akasema.

Lile jinga lilikula nyasi mbele yetu mpaka jua likakaribia kuzama, halikurudi upande wetu hata mguu mmoja. Miaka minne ya bahati nasibu, tangu Agosti kwa darubini, na sabuni yote ile. Tulimpitia Arlene tukamwambia. Akasema yule jirani mwenye nyekundu ni mpwa wake, angepigiwa simu moja tu angekubali. Kisha akatutolea paja la kulungu la mwaka juzi kwenye friza. Nililichemsha masaa manne. Ni gumu kama mkanda, na linanuka nyasi. Mbuzi wa Kiplombe amelishinda kwa kila kitu. Siku niliyoondoka, Ndung'u alikuwa bado hajapata kulungu.

Kilomita thelathini

Nilimpa Mama jibu siku niliyofika, kabla ya kufungua mizigo. Nikamwambia Ndung'u anakuja, nikienda mimi kwanza. Kisha nikamwambia lililobaki, kwamba sijawahi kushuka pale hata siku moja. Sikumwambia habari ya zizi. Hiyo atasema mwenyewe, nanyi msimtangulie.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Hakuacha.

"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unatoka shambani na viatu safi."

Alhamisi iliyopita nilivaa gambuti nikaenda. Nilijiandaa kukuta kichaka, au nyumba ya mtu. Nilikuwa na maneno tayari, mnanijua, nilikuwa nimeyanoa tangu Dakota. Nikakuta nyasi fupi, nzuri, ua wa waya uliokazwa, na ng'ombe wanane wanakula pale palipokuwa na mahindi yetu. Msingi wa jikoni bado uko. Zizi halipo, limebaki jiwe moja la lango.

Mzee Kirwa alitoka upande wa kwake na fimbo, taratibu, amepinda mgongo sasa. Alikuwa jirani yetu tangu nizaliwe. Siku ile hakutufukuza, wala hakuwazuia waliotufukuza. Alisimama langoni kwake akatutazama tukipanda lori.

"Wambui," akasema. "Umekuja."

"Nimekuja, Mzee."

Akanyoosha fimbo kwa ng'ombe. "Hao ni wangu. Waya pia ni yangu. Kuna watu walitaka kugawa hapa, nikawaambia hii ina wenyewe. Lakini nimelisha miaka hii yote, na sikuomba ruhusa. Hakukuwa na mtu wa kumwomba."

Maneno niliyoyanoa sikuyatumia. Nilisimama juu ya msingi wa jikoni nikampigia Ndung'u. Kwao kulikuwa kunapambazuka. Nikamwambia niko wapi. Nilisikia injini ya lori. Akaniuliza kama zizi lipo. Nikamwambia halipo. Akauliza kama nimesimama peke yangu. Nikamwambia nimesimama na Kirwa na ng'ombe wanane. Akasema anakata tiketi.

Mzee Kirwa alikuwa amengoja, fimbo mkononi. Akaniuliza kama awatoe ng'ombe leo au awatoe kesho.

Nikamwambia awaache. Ndung'u anakuja Desemba, amwombe yeye.